Cheche Iliyoruka Kabla ya Kidole

Kila ninapopita karibu na shule ya ufundi, hutokea kijana mmoja wenu akanisimamisha na kuniuliza kama ni kweli kwamba niliwahi kutengeneza radi kwa kitanda changu. Huwa namjibu kwamba radi hiyo sikuitengeneza kwa mikono yangu peke yangu, na kwamba kilichotumika ni vichwa viwili tu vya nguzo za kitanda. Kitanda chenyewe bado ninakilalia. Kwa kuwa jibu hilo huwaacha mkicheka kuliko kuelewa, nimeona afadhali niandike, maana ninyi mnaosomea umeme mtakutana na mambo haya siku ambayo sitakuwepo kuwaeleza.

Nilizaliwa Karagwe, Tanzania, mwaka 1963, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi huko. Shule niliiacha nikiwa darasa la nne, nikairudia nikiwa mama wa watoto watatu, katika madarasa ya jioni hapa Gisenyi, Rwanda, nikikaa dawati moja na watu walioweza kuwa wanangu. Cheti changu cha ufundi wa umeme nilikipokea tarehe 14 Julai 2006. Mume wangu Anastazi, ambaye alikuwa dereva wa malori, alifariki tarehe 3 Septemba 1999, kwa hiyo hakukiona. Ninazitaja tarehe hizi kama zilivyo kwa sababu zilinigharimu, na sipendi mtu azitaje kwa kukadiria.

Kazi niliifanya karibu yote katika karakana moja, iliyokuwa upande wa mpaka wa Kongo, ubavuni mwa mashine za kusagia mihogo. Tulisuka mota zilizoungua, tulifungua transfoma ndogo, tulitengeneza chaja za betri za boti. Mwenye karakana alikuwa Mzee Kasimu, mtoto wa mji huu, wa zile familia za Kiislamu ambazo babu zao walikuja kufanya biashara wakabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza nilipomwamkia na kujieleza kwa Kiswahili changu cha Tanzania, alinisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwenzake na kusema:

"Huyu mama anasema sawa redio. Mi nilingoja atuambie na hali ya hewa."

Nilikasirika, lakini sikuondoka. Baada ya mwezi mmoja niligundua kwamba yeye humtania mtu anayenuia kumweka, na kwamba ambaye hakutaniwa alikuwa ameshaanza kutafutiwa njia ya kutokea.

Niwaambie kwanza jinsi Kasimu alivyofundisha, kwa maana ninyi mna vitabu na video, nasi tulikuwa na mkono wake. Alitaka mkono wa kushoto uwe mfukoni kila unapogusa kitu ambacho huna hakika nacho, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Alinivua hereni mlangoni. Nilipokuja na mkufu wa msalaba, alisema kwa heshima kwamba Mungu ananiona hata nikiuacha kwenye droo. Na kabla ya kugusa kapasita yoyote, hata iliyokaa juma zima kwenye rafu, ilikuwa lazima tuiguse kwanza kwa fimbo ndefu ya mti mkavu yenye ndoano ya shaba, ambayo waya wake ulikuwa umeungwa ardhini. Kapasita hutunza umeme kama mtu mwenye kinyongo: unadhani ameshasahau. Fimbo hiyo tuliiita "Pole," kwa sababu ilikuwa ikisema pole kabla yetu.

Sasa nije kwenye radi.

Mwishoni mwa mwaka 2016 alitujia Madamu Konsolata, muuguzi mkuu wa zahanati moja iliyoko juu ya kilima, upande wa kuelekea Nyundo. Mnajua radi zetu za hapa. Hazihitaji hata kuipiga nyumba. Hupiga nyaya mbali huko, kisha umeme huo hukimbia juu ya waya hadi ndani. Kila msimu wa mvua ulikuwa ukiunguza friji ya chanjo ya zahanati ile. Friji ikiungua, akina mama walioteremka na kupanda vilima wakiwa na watoto mgongoni huambiwa warudi juma lijalo, na wengine hawarudi.

"Sitaki friji nyingine," Madamu Konsolata alisema. "Friji nitapewa. Nataka kitu cha kukaa mbele yake, kipigwe badala yake."

Vifaa vya namna hiyo vipo, navyo huitwa vizuia-radi. Kasimu alijua kutengeneza kimoja. Tatizo lilikuwa kujua kama kinafanya kazi. Huwezi kukifunga ukasubiri mvua ikupe jibu, kwa sababu jibu likiwa baya litakuwa limepita kwenye friji. Ilitupasa tutengeneze radi ndogo yetu wenyewe, ndani ya karakana, na tukipige kifaa kile mbele ya macho yetu. Hapo ndipo tulipohitaji mwanya wa cheche.

Mwanya wa cheche ni kitu rahisi kukieleza. Weka matufe mawili ya chuma yakitazamana, acha nafasi katikati, kisha pandisha volteji. Hewa ya katikati hukataa kupitisha umeme mpaka inapozidiwa. Ikizidiwa, cheche huruka kwa mshindo, na umeme wote uliokuwa umejazwa kwenye kapasita hutoka kwa mara moja. Shida yake ni kwamba mwanya wa namna hiyo hujiamulia wenyewe saa ya kuruka. Sisi tulitaka unaosubiri amri. Kasimu alilieleza jambo hilo kwa namna yake:

"Hii kitu lazima ikuje wakati tunaiita. Kama inakuja wakati yenyewe inataka, hiyo si mashine, hiyo ni shemeji."

Njia ya kuufanya usubiri amri ni kuuwekea ncha ya tatu. Unajaza kapasita mpaka karibu na kiwango cha kuruka, lakini usikifikie. Kisha ndani ya mojawapo ya yale matufe unawasha cheche ndogo, kwa kitufe. Cheche hiyo ndogo huiharibu hewa ya katikati, na ile kubwa hufuata papo hapo. Cheche yetu ndogo ilitoka kwenye plagi ya pikipiki iliyokuwa ikilishwa na koili ya pikipiki hiyo hiyo na betri yake. Sitaandika hapa vipimo vyetu. Atakayetaka vipimo na aende kwa mwalimu wake, asimame naye, kwa sababu kapasita zile zilikuwa na uwezo wa kuua, na hazikuwa na desturi ya kuonya.

Matufe ya kwanza hayakuwa matufe. Tulijaribu vichwa vya bolti. Vilifanya sauti kama nyoka na kutoa mwanga wa zambarau, maana umeme hutorokea kwenye kingo na ncha kabla ya wakati wake. Tukasaga kingo, sauti ikapungua lakini haikuisha. Ezekieli, fundi mwenzetu aliyekuwa amerudi kutoka Uganda na diploma yake, alisema tunahitaji kitu cha mviringo kamili, cha shaba ya manjano, kisicho na mshono. Tukazunguka kwa wauza vyuma chakavu mpaka Mahoko. Hakuna.

Nilipofika nyumbani jioni ile na kukaa kitandani kuvua viatu, mkono wangu uliegemea kwenye kile nilichokuwa nikikitafuta. Kitanda changu ni cha chuma, cha zamani, Anastazi alikinunua kwa mjane wa mfanyabiashara Mgiriki aliyekuwa akihama. Kina nguzo nne, na kila nguzo ilikuwa na tufe la shaba, kubwa kama chungwa. Nilifungua mawili ya miguuni. Binti yangu Grasi alipoona nguzo zimebaki na skrubu tupu, alisema, "Mama, baba angekasirika." Nilimwambia baba yake aliendesha lori lenye kiti cha kuazima na kioo cha gari jingine, kwa hiyo angeelewa vizuri sana.

Kasimu aliyapokea yale matufe kwa mikono miwili. Hakutania. Alitoboa moja siku nzima, polepole, akipoza kwa mafuta, ili plagi iingie. Mimi niliyang'arisha kwa limau na majivu laini, kisha nikayafuta kwa spiriti, na tangu hapo hakuna aliyeyagusa kwa kidole kitupu, kwa sababu jasho la kidole ni njia ya umeme. Upepo unapotoka upande wa Goma huleta vumbi jeusi la volkano ambalo hupenya hata dirisha lililofungwa, kwa hiyo tuliyafunika kwa kipande cha kitenge kila jioni. Haya ni mambo madogo, lakini niwaambieni, nusu ya kazi ya volteji kubwa ni usafi wa jikoni.

Kazi zikagawanywa. Ezekieli alikuwa kwenye usukani, maana yake kile kisanduku chenye mkono wa kuzungusha unaopandisha volteji kidogo kidogo. Mimi nilikuwa kwenye kitufe, nyuma ya kamba tuliyoitandaza kuzunguka mashine. Kasimu alikuwa na fimbo. Na hapa lazima niwaeleze tabia yake moja. Kizuia-radi tulichokuwa tukikijaribu alikuwa akikiunga mwisho kabisa, usukani ukiwa umeshapanda: alivuka kamba, akausogeza waya wake kwa fimbo nyingine ya mti mkavu, isiyoungwa ardhini, akarudi, ndipo akaniambia "piga." Alisema kikiungwa mapema kinavuja umeme. Alikuwa amefanya kazi hivyo ujana wake wote, na mwanya uliokuwa ukisubiri amri ulimpa moyo zaidi.

Ijumaa, tarehe 24 Februari 2017, alasiri, tuliupima mwanya wenyewe, bila kifaa. Ezekieli alizungusha usukani taratibu mpaka cheche ikaruka yenyewe, akarudisha nyuma kidogo, akajaza tena. Kimya. Nikabonyeza kitufe: mshindo. Tena: kimya, kitufe, mshindo. Ulitii kila mara. Kasimu akachukua brashi na rangi nyekundu, akaweka alama kwenye usukani mahali pale. "Bon. Hapa ndiyo nyumba yake," akasema. "Mutu yeyote atafika hapa, atasimama."

Madamu Konsolata alikuwa ameomba aone kwa macho yake kabla hajakubali kitu hicho kifungwe mbele ya chanjo, na siku pekee aliyokuwa na nafasi ni kesho yake, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi yetu ya pamoja ya kila mwezi. Mvua za Machi zilikuwa mlangoni. Tulikubaliana.

Kwa hiyo saa tano na nusu tulikutana karakana sote tukitoka kuzibua mitaro, tukiwa na matope hadi magotini. Madamu alikuja na buti zake za mpira na jembe begani. Kasimu alilipokea jembe lile akaliweka nje, akisema ndani ya kamba yake hakuingii chuma kisichojulikana ukoo wake. Mtaa ulikuwa kimya bado, milango ya maduka imefungwa. Ezekieli aliweka tayari redio yake ya zamani nyuma ya mahali ambapo kizuia-radi kingekaa, iwe badala ya friji. Ikiendelea kuimba baada ya mshindo, tumefaulu.

"Kwanza tuonyeshe Madamu mwanya peke yake," Kasimu alisema, "asiruke wakati ya kazi."

Ezekieli akazungusha. Mlio wa transfoma ukapanda. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa mfukoni, wa kulia juu ya kitufe bila kukigusa. Usukani ulifika kwenye alama nyekundu, na kabla Kasimu hajasema neno, karakana nzima ikapasuka kwa mwanga na mshindo.

"Yampayinka!" Madamu Konsolata alipiga kelele, akajikuta ameshika shati la Ezekieli.

Kasimu alinigeukia akitabasamu. "Mama Grasi. Mi nimesema piga?"

"Sijabonyeza."

"Kidole kimeruka. Inafikaka kwa kila mutu."

"Mzee Kasimu, sijabonyeza."

"Hakuna neno, Mama," Ezekieli alisema kwa upole. "Hata mimi ningeshtuka. Mgeni yupo, umeamka mapema, umezibua mitaro..."

"Mtu akishtuka ni kawaida," Madamu naye akaongeza, na akanigusa bega.

Vijana wangu, matusi nilikuwa nimeyazoea. Nilipoanza kazi, kuna wateja waliokataa mota zao ziguswe na mwanamke, nami niliwaacha waondoke nazo. Lakini wema ule wa watu watatu waliokuwa wakinisamehe jambo ambalo sikulifanya ulinichoma kuliko matusi yote. Ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza, jambo lingeisha kwa kicheko, na siku ile ingeendelea.

Ila Ezekieli alikuwa ameshaiunga redio, na Kasimu ameshachukua fimbo. "Bon, sasa ya kweli. Ezekieli, pandisha. Nikishafika kwa waya, na nikisharudi, ndipo mama ataweka kidole. Mama, ngoja mi nirudi, sawa? Usiniue."

Nikaelewa wakati ule ule kile nilichokuwa nimekisikia bila kukifikiri. Kama kidole changu ndicho kilichoruka, basi hatari ilikuwa mimi, na hatari hiyo ilikuwa imekwisha kwa kuniambia ningoje. Lakini kidole changu hakikuruka. Mwanya ule ulikuwa umejiita wenyewe. Na mtu huyu alikuwa anataka kuvuka kamba, usukani ukiwa kwenye alama, akiamini kwamba kuna mtu anayeushika.

Nikaacha kitufe, nikasimama kati yake na kamba.

"Huvuki," nilisema.

"Mama, toka."

"Huvuki mpaka tujue ni nini kilichoufyatua."

"Tunajua. Ni kidole." Tabasamu lilikuwa limeondoka. "We unaogopa kusema umeogopa. Mi niko na miaka arubaini kwa hii kazi, mgeni ananingoja, na we unanisimamisha kwa karakana yangu juu ya kiburi?"

Kiburi kilikuwepo. Sitakikana. Lakini kiburi hakikuwa kikibonyeza vitufe.

"Nipe mara moja tu," nilimwambia. "Ezekieli aondoe waya wa kitufe kwenye betri kabisa, na betri Madamu aishike mkononi. Mimi nitakaa pale, mikono juu, nyote mkiniona. Usukani ufike kwenye alama. Wewe usivuke."

"Na kama haitalia?"

"Utasema wewe."

Aliilaza fimbo yake chini. "Kama haitalia, kesho kutwa unarudi kwa kusuka mota, na hapa kwa kamba hutasimama tena. Na hutaniambia tena njia ya kazi. Madamu ni shahidi."

"Madamu ni shahidi," nilisema.

Ezekieli akamwaga umeme wote kwa fimbo ya Pole, akafungua waya, akampa Madamu betri, naye akaipakata kama mtoto. Nikaenda kando, nikainua mikono, matope ya mtaro yakiwa yamekauka kwenye viganja vyangu. Mlio ukapanda. Usukani ukafika kwenye alama nyekundu. Ezekieli akauachia.

Kimya.

Tulisikia mlio wa transfoma na jogoo wa jirani. Nilitazama matufe yangu, moja lenye tundu, moja zima, na katikati yao hapakuwa na kitu chochote. Kasimu alipumua kupitia puani. Akainama kuokota fimbo yake.

"Unaona sasa," alisema, "hii kitu iko inangoja mu—"

Mshindo ule sijausikia tena unaofanana nao. Fimbo ilimponyoka. Betri haikumponyoka Madamu, namshukuru kwa hilo. Redio ya Ezekieli, ambayo ilikuwa imeungwa bila kinga yoyote kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiondoa, ilitoa moshi mdogo na kunyamaza milele.

Mikono yangu ilikuwa bado juu. Niliishusha mimi mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenikumbusha.

Kasimu alikaa kwenye kiti cha kusukia mota. Alitazama mahali ambapo angekuwa amesimama, waya ule uliolala pale ndani ya kamba, na uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Niliokota fimbo yake, nikaiegemeza ukutani. Kuna wakati ambapo mtu aliyesema kweli anapaswa kumwachia mwenzake nafasi ya kupumua.

"Lakini jana ilitii," Ezekieli alisema. "Alama ni ile ile. Matufe hayajasogezwa, nimeyapima asubuhi. Vumbi hakuna. Jana na leo kuna tofauti gani?"

Tulifungua, tukatazama plagi, tukatazama koili. Madamu Konsolata, aliyekuwa na kila sababu ya kwenda nyumbani, alikaa akauliza maswali ya kiuguzi: mgonjwa alikula nini, alilala wapi, nani alimtembelea. Saa sita ilipita. Nje, milango ya maduka ilianza kufunguliwa kwa kelele zake. Kisha jirani yetu akawasha mashine yake ya kusaga, ile kubwa ya kwanza, na taa iliyokuwa juu ya meza yetu ikafifia.

Ilifanya hivyo kila siku ya maisha yetu. Tulikuwa hatuioni tena. Sote wanne tuliinua macho pamoja. Mashine ya pili ikawashwa, taa ikafifia tena kidogo.

"Jana ilikuwa Ijumaa ya kabla ya umuganda," nilisema.

Sikuhitaji kuendelea. Mnajua wenyewe: kwa kuwa Jumamosi ile asubuhi kila kitu hufungwa, Ijumaa yake kila mwenye mihogo husaga. Wanawake hupanga mabeseni mpaka barabarani, mashine zote hunguruma hadi jioni, na umeme wa mtaa wote huwa dhaifu. Tulikuwa tumeweka alama nyekundu siku ambayo umeme ulikuwa chini kuliko siku zote za mwezi. Kisha tukaja kuitumia saa ambayo mashine zote zilikuwa zimezimwa, umeme umejaa kwenye nyaya bila mtu wa kuunywa. Usukani ulikuwa pale pale. Kilichoingia kwenye usukani ndicho kilichokuwa kikubwa zaidi. Mwanya wetu haukuwa mkaidi hata kidogo. Ulikuwa umejazwa kupita kiwango chake, ukafanya kile ambacho kila mwanya hufanya, safari moja upesi, nyingine ukichelewa kidogo.

Ezekieli alileta mita yake, akapima soketi, akasubiri mashine ya tatu iwashwe, akapima tena, na akatuonyesha. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekoswakoswa. Kasimu aliichukua mita, akaitazama yeye mwenyewe, akairudisha. Kisha akatoa kisu chake mfukoni, akainama kwenye usukani, na akaikwangua rangi nyekundu mpaka chuma kikaonekana.

Hakuniomba radhi siku ile, na mimi sikumdai. Alichosema, akiwa bado ameinama, ni hiki: "Kifaa kitaungwa mbele ya kupandisha. Kama kinavuja, kivuje. Mutu hatavuka tena kamba." Na kwa miaka yote iliyobaki, hakuvuka.

Ninyi leo mna mita zinazosoma volteji ya juu moja kwa moja, na nimeona wengine wenu wakifyatua mwanya kwa simu, wakiwa chumba kingine, wakirekodi video. Ni vizuri sana. Mimi ningependa niwe nimezaliwa wakati wenu. Ila mita hiyo muitazame kila mara, siyo mara ya kwanza tu. Na fundi mwenzenu akisema "sikugusa," msimsamehe upesi. Mwulizeni kwanza. Kumsamehe ni rahisi, hakuhitaji kufungua kifuniko hata kimoja.

Jumatatu, tarehe 27 Februari, Madamu Konsolata alirudi, safari hii akiwa na sare yake nyeupe. Ezekieli alikuwa amenunua redio nyingine, akasema ni ya mwisho kwenye ukoo wake. Mita ilikuwa imening'inizwa mahali ambapo sote tuliiona. Mashine za kusaga zilikuwa zikifanya kazi, moja inazimwa, nyingine inawashwa, na Ezekieli akawa anafuata sindano ya mita kwa usukani, akipandisha na kushusha. Kizuia-radi kilikuwa kimeungwa tangu mwanzo. Kasimu alisimama upande wetu wa kamba, mikono nyuma, kama mwanafunzi kwenye gwaride.

Sindano ilifika tulipotaka. Tukaiacha hapo. Tulingoja muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza. Mwanya ulisubiri. Kasimu alinitazama, lakini hakusema "piga." Alisema, "Mama, ukipenda."

Nilibonyeza.

Mwanga, mshindo, harufu ile kali ya hewa iliyoungua. Na ndani ya moshi, redio ikiendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea.

Madamu Konsolata alitoa vidole masikioni. Alitutazama mmoja mmoja, akiwa bado na hofu ya Jumamosi machoni, akauliza, "Ariko, niambieni, hii nayo imeruka yenyewe, au kuna mtu ameipiga?"

"Hapana, Madamu," Kasimu alisema. "Hii mara ni ye, Mama Grasi, ameipiga."